Tuta Nililolifukia kwa Maneno Magumu

Kasilda,

Neno "mpendwa", ambalo barua za namna hii huanza nalo, nimeliacha kwa makusudi. Mapenzi yapo, lakini leo yamezidiwa na hasira, nami sikukulea uamini karatasi inayosema jambo moja huku mwandishi wake akiwaza jingine. Ni saa tisa alasiri. Wewe umekwenda mjini kuagana na wenzako. Mama yako anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Habari za shuka, za dawa, za nani wa kumpigia simu ukifika, amekwisha kukueleza, na ana subira ya kuzirudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile la Jumapili.

Basi linaondoka kesho alfajiri. Nyumba ya nne kutoka hapa, kwa mjukuu wake, amekaa shangazi yako Sesilia, mwanamke aliyepita miaka sabini, aliyetoka Msanzi kuja kukuaga na ambaye hakumaliza kukuaga. Ukipanda basi hali ikiwa hivi, utakuwa umeondoka bila ruhusa ya upande wangu wote. Sikutishi kwa mizimu, unanijua. Ninachokijua ni jinsi jambo lisilomalizwa linavyokaa ndani ya mtu. Langu limekaa zaidi ya miaka thelathini, na Jumapili liliamka likaniita kwa jina.

Nitayaandika mambo kama nilivyoyaona, kwa kuwa wewe ulikuwa umesimama katikati ya vijana wenzako na mimi nilikuwa nimekaa mkekani kando yake.

Desturi ya ukoo wetu haikuanza jana. Anayekwenda mbali hupewa unga wa ulezi na shangazi aliye mkubwa kuliko wote, juu ya ungo, na shangazi huusemea unga ule maneno yake kwanza. Maneno yakikatika, unga haukabidhiwi. Sesilia ni binti wa baba yangu mkubwa. Nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni. Alisimama kwa shida, akashika ungo kwa mikono miwili, akaamua kusema Kiswahili kwa ajili ya wageni wako wasiojua Kifipa. Ulijua kwamba hasemi Kiswahili mbele za watu? Hukujua, kwa sababu sikukueleza sababu yake.

Alisema: "Mwana wa mdogo wangu, mie Kiswahili changu cha kuokoteza, mnisamehe. Huu unga nimeusaga mwenyewe kwa jiwe, si wa mashine. Ukiula ukumbuke wako watu wanakaa na udongo. Unakwenda kusoma sheria. Sasa ukikuta mtu hana wa kumsemea..."

Hapo ukamkata. Ukainua kidole kama mhadhiri, ukasema: "Shangazi, kauli yako ni dufu na lafudhi yako ni hizaya, lakini nia yako ni adhimu."

Vijana wakaangua kicheko. "Daah, Kasi, umetisha!" Mwingine akasema, "Mshikaji, umemmaliza bibi wa watu!" Ukatabasamu, ukanitupia jicho mimi. Ulikuwa unangoja nikupe alama.

Sesilia akanigeukia. "Baba Kasilda, mtoto amesema nini? Nitafsirie."

Nikamjibu: "Anakushukuru, dada."

Aliinama kuelekea kwangu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia ila mimi, "Na leo tena?" Akauweka ungo chini, akaomba fimbo yake, akaondoka. Unga ukabaki mkekani mpaka mjukuu wake alipokuja kuufuata.

Jioni ile uliniuliza: "Baba, shangazi amekasirikia nini? Mbona mwishoni nimemsifu?" Nikakuambia ukalale. Jibu lako ni hili.

Nilipopelekwa shule ya sekondari hapa Sumbawanga, nilikuwa kijana wa Msanzi ambaye kila akifungua kinywa, darasa linacheka. Kiswahili changu kilikuwa na Kifipa ndani yake kama mchanga katika mchele. Sikulia. Nilikwenda kwenye rafu ya vitabu vya parokia nikatafuta kitabu kigumu kuliko vyote, nikakipata kile unachokijua: kimepoteza jalada na kurasa kumi na moja za mwanzo, hata leo hakuna anayejua jina lake humu ndani, tunakiita Kitabu. Riwaya kongwe, ya watu wa mbali na hapa, iliyojaa maneno ambayo hata mwalimu wangu alikuwa akiyapita kwa kukohoa. Nilikisoma kwa chuki. Nataka uliweke akilini jambo hili, kwa kuwa watu husema kwamba msamiati hupatikana kwa kupenda kusoma. Mimi niliupata kwa kutaka kulipiza kisasi, na nakuhakikishia kwamba chuki ni mwalimu hodari sana wa msamiati. Haisahau hata neno moja.

Nikajitungia kanuni, nawe uliirithi. Ukurasa mmoja kwa siku. Kila neno usilolijua liandikwe daftarini, na mbele yake sentensi ya Kitabu lilimotoka, na mbele ya hiyo sentensi yako mwenyewe. Kisha ile kanuni ya mwisho, ambayo ndiyo niliyojivunia kuliko zote: neno si lako mpaka umelitumia kwa mtu kabla jua halijatua. Tazama nilivyoiweka. Sikusema "umelitumia pamoja na mtu." Nilisema "kwa mtu," kama mtu asemavyo habari ya fimbo.

Baada ya shule nikaajiriwa kuwa karani katika mahakama moja ya mwanzo huko vijijini. Watu wa pale walisema Kifipa. Hakimu alitoka mkoa mwingine na hakujua hata salamu yetu. Kazi yangu ya pili, isiyoandikwa popote, ilikuwa kutafsiri. Katika mwaka wangu wa pili akaja dada Sesilia. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji yake alikuwa amemfukuza katika shamba la ulezi, akidai kwamba amelilima yeye tangu kaka yake alipougua. Sheria ilinitaka nimwambie hakimu kwamba mdai ni dada yangu. Hakimu hakuuliza, nami sikusema. Nilijiambia kwamba hakuna atakayemsemea vizuri kama mimi.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo mtu asiyetoka nyanda hizi asingeweza kulifanya.

Unajua jinsi tunavyolima. Mvua zikikaribia kuisha, mwanamke hulifyeka jani, hulikusanya, hulifukia kwa udongo katika tuta la duara, ntumba, akaliacha lioze. Msimu unaofuata hulibomoa, akausambaza ule udongo mweusi, akapanda. Kwa hiyo aliyefukia majani mwaka huu ndiye mwenye mavuno ya mwakani. Hakuna Mfipa anayelibishia hilo, na majirani hujua tuta lipi ni la mkono wa nani, kama wanavyojua sura za watoto. Sesilia alisema kwa Kifipa, nami nayaandika leo kwa mara ya kwanza kama alivyoyasema: "Alikuja asubuhi na jembe. Nilikuwa nabomoa matuta. Akasema ondoka. Nikamwuliza, niende wapi? Nikakaa juu ya ntumba niliyoifukia mwenyewe mvua zilizopita, mume wangu akiwa kitandani. Nikakaa mpaka jua likawa kali."

Ndiyo ushahidi wake wote. Ulitosha. Kama hakimu angeusikia, angeuliza: ntumba ni nini? Nani aliyekuona ukiifukia? Na nusu ya kijiji ilikuwa nje ya mlango.

Mimi nilisimama, nikakohoa, nikasema: "Mheshimiwa, mdai anaarifu kwamba mdaiwa alimjia kwa ghaidhi na takaburi, akamfurusha kwa ufidhuli usio kifani, naye, mahuluki dhaifu asiye na mbasi wala muhibu, akabaki katika bumbuwazi na simanzi hadi mchana."

Jembe liko wapi hapo? Tuta liko wapi? Mume aliye kitandani yuko wapi? Niliyaona ni mambo ya matope, yasiyofaa kusikika mbele ya mheshimiwa. Nikayafukia. Na nilipoketi nilihisi furaha ambayo siwezi kuikana: nilikuwa nimeyatumia maneno manane ya Kitabu kwa pumzi moja.

Hakimu aliweka kalamu chini. Alimtazama Sesilia, miguu yake yenye udongo, kanga yake iliyochanika pindoni, akasema bila ukali wowote: "Mama huyu amefundishwa." Shemeji yake, ambaye hakuwa mjinga, akasimama hapo hapo: "Amefundishwa na huyo huyo karani, Mheshimiwa. Ni mdogo wake." Ushahidi wote ukaanguka siku ile. Shamba likaenda. Mimi nikahamishwa kwa karipio, na kwa haki kabisa.

Nje ya mahakama Sesilia hakulia wala hakunilaani. Aliniuliza kwa Kifipa: "Uliwaambia habari ya tuta?" Nikasema, "Niliwaambia kwa lugha nzuri zaidi." Akarudia, "Uliwaambia habari ya tuta?" Siku ile aliapa kutosema tena Kiswahili mbele za watu, kwa kuwa aliamini kwamba kina namna ya kumgeuka mtu, na alikuwa na ushahidi. Jumapili alikivunja kiapo hicho kwa ajili yako. Naye akanigeukia nimtafsirie, nami kwa mara ya pili nikampa kitu kizuri zaidi kuliko kweli.

Utauliza, na utakuwa na haki ya kuuliza kwa ukali: kama nilijua haya, kwa nini nilikufundisha kanuni ile ile? Nimeitafuta sababu yenye heshima sikuipata. Nilitaka mtoto ambaye hatachekwa. Nilidhani kosa langu lilikuwa mahali nilipoyatumia maneno, kumbe lilikuwa sababu ya kuyatumia. Ulipokuwa darasa la sita, mama mmoja wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma alikuwa akituletea maziwa. Siku hiyo neno lako lilikuwa "ayari." Ukamwambia usoni, kwa adabu zote, "Shikamoo mama, wewe ni ayari." Naye, asiyelijua neno hilo, akakushika shavu: "Marahaba, asante mwanangu, Mungu akukuze." Umemwita mlaghai naye akakuombea. Nilikuwa dirishani. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, kisha nikakuruhusu usome kurasa mbili siku hiyo badala ya moja. Mama yako aliacha kunisemesha kutwa nzima, nami sikutaka kujua kwa nini. Basi Jumapili uliponitupia jicho kungoja alama, ulikuwa na kila sababu ya kuitegemea. Hasira yangu kwako ni ya kweli, lakini najua imejengwa katika kiwanja cha nani.

Hata hivyo sitakubebea sehemu yako. Una miaka ishirini. Nilikuwa nayo hiyo hiyo, na zaidi kidogo, niliposimama mahakamani, na hakuna aliyeniambia kwamba ni utoto. Ulijua maana ya "dufu." Ulijua maana ya "hizaya." Ulijua pia kwamba yeye hajui, na ukamchagua kwa sababu hiyo. Mtu anayetaka kueleweka hatafuti msikilizaji wa namna hiyo. Unakwenda kujifunza sheria, kazi ambayo watu kama Sesilia watakuja mbele yako wakiwa na tuta moja tu mkononi, na wewe utakuwa na maneno mengi ya kulifunika. Naogopa. Sijawahi kukuambia kwamba naogopa jambo lolote, liandike.

Jana usiku nilifungua Kitabu, nikakisoma bila kalamu kwa mara ya kwanza maishani. Unamkumbuka mpishi mzee wa nyumba ile ya tajiri? Nadhani humkumbuki. Nami sikumkumbuka. Yumo toka ukurasa wa ishirini hadi wa mwisho, anapika, anafungua milango, anajibu anapoulizwa, na ndiye mtu pekee katika riwaya nzima ambaye msomaji hamtilii shaka. Nikachukua daftari letu, lako na langu, miaka yangu na miaka yako, nikatafuta sentensi yake hata moja katika safu ya pili. Hakuna. Hasemi neno gumu, kwa hiyo hatukumwandika. Wenye majivuno wamo wote, kwa vinywa vyao wenyewe, maana ndio walionena kwa takaburi na ghururi. Mwandishi yule, ambaye jina lake limepotea pamoja na jalada, aliwapa maneno makubwa wale ambao alitaka tuwaogope, na sisi tukawaiga. Tumekisoma Kitabu kama mtu aliyekwenda kwenye karamu akarudi na sahani.

Maneno hayana hatia. Sikushauri uyatupe. "Simanzi" ni neno ambalo nimelihitaji mara tatu katika maisha yangu, na mara zote tatu hakuna jingine ambalo lingetosha. Lakini mara zote tatu nililitumia nikiwa peke yangu.

Kwa hiyo nimefungua begi lako, na mama yako ameniona. Nilikuahidi Kitabu na daftari. Kitabu nimekiacha chini ya sweta la kijivu. Daftari nimelitoa, na usinipigie simu kuliulizia. Kisome tena, bila safu tatu, na umtafute mpishi.

Sasa lililobaki. Leo saa sita nilikwenda nyumba ya nne. Sesilia alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwambia: "Dada, Jumapili nilikudanganya. Mtoto hakukushukuru. Alisema kwamba maneno yako hayana ladha, na namna unavyoyatamka ni aibu, ila moyo wako ni mkubwa. Vijana walicheka kwa sababu hukuelewa." Nikaongeza: "Na mahakamani sikuwaambia habari ya tuta. Sikulitaja kabisa."

Hakuacha kuchambua. "Hilo la tuta nilijua siku ile ile. Ulikuwa unatokwa jasho la mwizi." Kisha akasema, "Na huyu mtoto alijifunza wapi kusema hivyo?"

Nikasema, "Kwangu."

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa anakutazama wewe." Akatupa maharage mabovu kwa kuku, akasema ana neno la kukupelekea, nami nililete kama lilivyo. Nililiandika pale pale, mbele yake, nikamsomea mara mbili kwa Kifipa, mpaka akasema, sasa ndivyo. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Sijamsamehe. Nina hasira, na mtu mzima ana haki ya kukaa na hasira yake mpaka iive. Lakini unga niliusaga kwa ajili yake, na ukikaa utaingia wadudu. Kesho nitakuwa stendi kabla ya basi. Asilete vijana wake. Asiniambie maneno ya kitabu, na asilie, kwa sababu nikiona mtu analia nitasahau ninachotaka kusema. Apige magoti, ashike ungo upande mmoja, mimi nishike upande mwingine. Nilikuwa nimefika pale, ukikuta mtu hana wa kumsemea. Nitaanzia hapo hapo."

Sikuongeza. Sikupunguza. Kama kuna neno ambalo hukulielewa, usiniulize mimi, kamwulize yeye.

Baba yako,
Izia